Kazi Ikiondoka, Ardhi Ni ya Nani? Mazingatio Kutoka Tunduma, Bamburi na Forodhani

Himidi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na Rahma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), pamoja na Aali zake na Swahaba zake. Amma ba'ad.



Mara nyingi tunapotazama mambo yanayojiri, huanza na Unguja na Pemba. Leo tunakwenda mbali kidogo, hadi Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe. Huko linanyemelea swali ambalo visiwani limeshatupitia na litatupitia tena: ardhi iliyotumika kwa kazi nzito, kazi ile ikishaondoka, ni nani mwenye haki nayo? Ni mwenye fedha za kujenga ghala jengine? Ni ofisi iliyokuwa ikiisimamia? Au ni watoto wa mtaa ule ambao hawana hata pahala pa kuchezea mpira?

Jawabu letu tunalisema mapema ili msomaji asipotee njiani. Ardhi ya namna hiyo, ikiwa ni ya umma, ibaki ya umma, na njia bora ya kuibakisha ni kuifanya uwanja na bustani ya watu wote. Lakini haifai kuwaita watoto ndani yake kabla haijapimwa na kusafishwa. Na haifai kuisafisha kwa mali ya umma, kisha ikafungwa kwa lango ambalo masikini hawezi kulilipia.

Tunduma na ardhi inayobaki nyuma

Mkoa wa Songwe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yapo Vwawa. Hata hivyo, mji wenye pirika nyingi zaidi ni Tunduma. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoingia Zambia, na ng'ambo ya pili ni mji wa Nakonde. Malori yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo hupita hapo, na yanayorudi na shaba hupita hapo hapo. Oktoba 2019 marais wa wakati huo, John Magufuli na Edgar Lungu, walizindua Kituo cha Huduma za Pamoja mpakani, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki mbili katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma peke yake.

Atasema msomaji: hayo yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Yanatuhusu. Mchele wa Mbeya na maharage ya Nyanda za Juu tunayoyanunua Darajani na Chake Chake hutoka pande hizo. Vijana wetu wapo kila mji wa biashara wa Bara, dukani na njiani. Na majina ya kata za Tunduma yatamchekesha Mzanzibari: ipo kata inayoitwa Mpemba, na ipo nyengine inayoitwa Uwanjani. Kubwa kuliko yote, Waislamu ni mwili mmoja, na haki ya jirani haiishii ufukweni.

Mji wa malori hula ardhi. Lori lenye tela linahitaji pahala pa kuegesha, gereji, kituo cha mafuta, mizani, ghala na nyumba ya kulala dereva. Vyote hivyo hujipanga kandokando ya barabara, pale pale ambapo watu nao wanataka kuishi. Mtoto anayetoka skuli hupita baina ya matairi, na jioni akitaka kucheza hurudi palepale penye matairi.

Lakini njia za mizigo nazo hubadilika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China baina ya mwaka 1970 na 1975, inapita Tunduma katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa miaka mingi imekuwa ikidhoofika, na mizigo ikahamia barabarani. Mwaka 2025 yalitiwa saini makubaliano na kampuni ya Kichina ya kuifufua reli hiyo kwa takriban dola bilioni 1.4. Wakati huo huo ipo mipango ya kuipanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, yenye kilomita 218. Ikiwa mizigo itarudi relini kama inavyokusudiwa, na barabara ikapanuliwa au kupindishwa, sura ya mji itabadilika. Kila inapobadilishwa njia, ipo ardhi inayobaki nyuma: maegesho yasiyo na magari, maghala yasiyo na mizigo, vipande vya ardhi vilivyojaa mafuta machafu na vyuma chakavu. Wenye macho ya biashara huviona mapema. Wananchi wa kawaida huja kuviona pale ukuta ukishajengwa.

Ndiyo maana tunasema hili ni jambo la kuzungumzwa sasa, kabla ya ukuta.

Forodhani ilikuwa nini?

Wapo vijana wetu wanaodhani Forodhani ilizaliwa bustani. Jina lenyewe linatoa khabari yake. Forodhani ni pahala pa forodha, penye kushusha, kuhesabu na kutoza ushuru. Hapo mbele ya Ngome Kongwe palikuwa na shughuli za bandari, mabanda na maghala, na mwanzoni mwa karne iliyopita hata treni ya Bububu ilikuwa ikianzia upande huo. Miaka ya 1920 bandari ikajengwa Malindi, na kazi nzito ikahama. Eneo likabaki wazi, tena mbele ya bahari, katika sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote mjini.

Hebu fikiria lingegawiwa kwa mtu mmoja wakati ule. Leo pangekuwa na jengo na mlinzi, na sisi tungekuwa tunaitazama bahari kwa kuchungulia. Badala yake, katika miaka ya 1930 lilifanywa bustani, iliyojulikana wakati huo kwa jina la Jubilee Gardens. Dola ikaondoka na jina likaondoka, bustani ikabaki. Ilipochakaa, ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan Trust for Culture kwa kushirikiana na Serikali, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Jioni moja ya Ramadhani pale, baada ya futari, inatosha kumfahamisha mtu thamani ya jambo hili: wazee kwenye mabenchi, watoto wanakimbizana, vijana wanajirusha baharini, mama amekaa na wanawe akila muhogo. Hakuna aliyeulizwa kiingilio.

Hatusemi Forodhani haina kasoro. Zipo taka, zipo kelele, na yapo mambo ya utovu wa adabu ambayo tutayagusa mbele. Lakini msingi wake ni sahihi: kazi iliondoka, ardhi ikarudi kwa watu.

Bamburi: jiwe lililorudishiwa uhai

Mfano wa pili upo Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Saruji hutengenezwa kwa chokaa ya mawe ya matumbawe, na ili kuipata ilibidi ardhi ichimbwe. Baada ya miaka kadhaa palibaki mashimo makubwa meupe, makali kwa jua, yasiyo na udongo, yenye maji ya chumvi chini yake. Hata jani halikuota.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 zilizojaribiwa, chache tu zilisalimika, na bora kuliko zote ulikuwa mvinje, mti ambao kila mtoto wa pwani anaujua. Tatizo likawa majani yake: yanaanguka lakini hayaozi upesi, kwa hivyo hayageuki udongo. Dawa ikawa majongoo. Mdudu yule tunayemkimbia na kumfagilia nje aliletwa kwa wingi, akawa anakula majani makavu na kuyageuza mbolea. Udongo ukajengeka polepole, miti mengine ikafuata, kisha ndege na wanyama. Mwaka 1984 eneo lilifunguliwa kwa wageni, na leo linajulikana kwa jina la Haller Park. Subhaana Allaah! Hakuumba jongoo bure.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, ardhi iliyoharibiwa inaweza kutengenezeka, lakini kwa miaka mingi na kwa elimu, haitengenezeki kwa hotuba ya siku moja na mche wa kupigia picha. La pili, Haller Park ni mali ya kampuni na huingiwa kwa tiketi. Hatuwalaumu, kwa kuwa ardhi yao na gharama zao. Lakini tusichanganye bustani ya kampuni iliyo wazi kwa wenye kulipa, na bustani ya umma ambayo ni haki ya kila mkaazi.

Na Bamburi haiko mbali na Songwe kama inavyodhaniwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Kitanzania ya Amsons iliinunua Bamburi Cement. Kampuni hiyo hiyo imenunua pia hisa nyingi za kiwanda cha saruji cha Mbeya, kilichopo eneo linaloitwa Songwe upande wa mkoa wa Mbeya, nacho pia hula mawe ya chokaa. Kwa hivyo mmiliki mmoja anayo mikononi machimbo yaliyogeuka msitu na machimbo yanayoendelea kuchimbwa. Wakaazi wa pande zile wanayo haki ya kuuliza kwa adabu: yetu nayo yatakuja kuwa nini? Swali hilo lina nguvu ya sheria nyuma yake, kwani Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inawataka wenye migodi wawe na mpango wa kufunga mgodi na kuweka dhamana ya kuitengeneza ardhi.

Sumu isiyoonekana

Sasa tunakuja kwenye jambo linalotutia khofu zaidi, na ndilo lililotusukuma kuandika.

Mwenye kupanda treni Tunduma akaifuata TAZARA hadi mwisho wake, Kapiri Mposhi, kisha akaendelea upande wa Lusaka, atafika mji wa Kabwe. Hapo palikuwa na mgodi mkubwa wa risasi na zinki, madini yaliyochimbwa na kuyeyushwa kwa takriban miaka tisini. Risasi tunayoikusudia ni madini yanayotiwa katika betri. Mgodi ulifungwa mwaka 1994. Kazi iliondoka, lakini vumbi likabaki. Watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa, ambao hawakuwahi kuuona moshi wake, wamepimwa na kukutwa na risasi katika damu kwa viwango vya kutisha. Waliipata wapi? Walicheza. Mtoto hukaa chini, hutia mkono mchangani, kisha hutia mkono mdomoni. Madini haya huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtoto.

Karibu zaidi na sisi, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwepo kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi kiwandani hapo, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonesha ni risasi. Alisimama na wanamtaa wenziwe, kiwanda kikafungwa, kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na ardhi isafishwe. Kesi ikapanda ngazi, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarejeshea ushindi wao. Fidia ni haki. Lakini hakuna fidia inayomrejeshea mtoto akili aliyoipoteza.

Hata miji tajiri haikusalimika. Mjini Seattle, Marekani, kiwanda cha kutengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe kilifungwa mwaka 1956, na mwaka 1975 pahala pake pakafunguliwa bustani maarufu ya Gas Works Park. Ni bustani nzuri, mitambo ya zamani imeachwa imesimama kama kumbukumbu. Lakini mpaka leo watu hawaruhusiwi kuogelea kando yake, kwa sababu ya sumu iliyobaki katika matope ya ziwa.

Mkoa wa Songwe unayo sababu ya kuyazingatia haya. Katika wilaya ya Songwe upo ukanda wa dhahabu wa Lupa, uliochimbwa tangu zama za Waingereza. Mgodi wa New Saza, uliokuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika, ulifungwa katikati ya miaka ya 1950. Wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo, na wengi hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Zebaki haitoweki. Inapochomwa hupanda kwa moshi, kisha hurudi katika udongo na maji, na madhara yake kwa mama mjamzito na kwa mtoto aliye tumboni ni makubwa. Wilaya ya Ileje nayo ina makaa ya mawe. Na katika mji wa malori kama Tunduma, kila gereji ya miaka mingi imeacha kitu ardhini: mafuta machafu, tindikali ya betri, rangi, vyuma.

Kwa hivyo mtu akija na ramani ya bustani juu ya ardhi kama hiyo, swali la kwanza lisiwe mabenchi mangapi. Liwe: udongo umepimwa? Na nani? Na majibu yake yako wapi?

Sharia inatuelekeza vipi

Huenda mtu akaona haya ni mambo ya wahandisi tu. Tumrudishe Madiynah.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipofika Madiynah, eneo alilolichagua kwa ajili ya Msikiti wake lilikuwa kiwanja cha kazi. Palikuwa pakianikwa tende, kama vile sisi tunavyoanika karafuu. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili. Palikuwa pia na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Imepokewa katika Swahiyh Al-Bukhaariy namna alivyofanya. Alitaka kwanza kupatana bei na wenye ardhi, na walipotaka kumpa bure hakukubali kuwachukulia mayatima mali yao bila ya thamani. Kisha akaamrisha makaburi yafukuliwe, magofu yasawazishwe na mitende ikatwe. Baada ya hapo ndipo ukajengwa Msikiti, na yeye mwenyewe akibeba matofali pamoja na Swahaba zake.

Tazama mpangilio ule: haki za watu, kisha kusafisha, kisha kujenga. Na kilichojengwa kikawa cha wote. Masikini wa Suffah walilala humo, wageni walipokelewa humo, na Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao humo siku ya 'Iyd. Anayegeuza mpangilio huu, akajenga kwanza, akasafisha baadaye na kulipa haki akikumbushwa, hajafuata mwendo ule.

Ama kuhusu umiliki, ipo Hadiyth ya Abyadh bin Hammaal, waliyoipokea Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Swahaba huyo aliomba apewe machimbo ya chumvi ya Ma-arib, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akampa. Akatokea mtu akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, kila mtu anajichotea. Mtume akairejesha. Wanazuoni wamechukua hapa kuwa kile ambacho watu wote wanakihitaji na kunufaika nacho hakigawiwi mtu mmoja. Na Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za Kishafi'i, ameeleza katika mlango wa kuhuisha ardhi kuwa manufaa ya njia ni kupita, na inajuzu kukaa humo kwa mapumziko na kwa biashara bila hata ya idhini ya kiongozi, maadamu hawabani wapitaji. Pahala pa umma ni pa umma.

Na kuhusu nani atangulizwe, tunayo siyrah ya 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu). Alipoweka ardhi ya malisho iliyohifadhiwa, alimpa usimamizi huria wake aitwaye Hunayy, na akamwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie wenye mifugo mingi, akawataja matajiri wakubwa wa Swahaba kwa majina. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri mifugo yake ikifa ana shamba la kurudia, masikini yake ikifa hana. Huu ndio mizani wa lango la bustani. Anayemiliki nyumba yenye uwanja hakosi kitu bustani ikifungwa. Anayeishi chumba kimoja na watoto watano, hiyo bustani ndiyo uwanja wake.

Je, kuswali hapo inafaa?

Mas-ala haya huulizwa sana, tuyajibu kwa ufupi. Asili ya ardhi ni twahara, na umma huu umejaaliwa ardhi yote kuwa pahala pa kuswalia, isipokuwa palipothibiti najisi au katazo. Mafuta ya injini, kutu, vumbi la makaa na madini ya risasi si najisi. Basi Swalah itasihi katika ardhi iliyokuwa ya kiwanda au gereji, maadamu hakuna najisi yenyewe.

Lakini tusichanganye twahara na usalama. Ardhi inaweza kuwa twahara kwa Swalah, na papo hapo ikawa haramu kumwacha mtoto acheze juu yake, kwa sababu ya madhara. Msingi wa kutodhuru na kutodhuriana, uliothibiti kwa Hadiyth, unamhusu mtengeneza bustani kama unavyomhusu mwenye kiwanda. Mwenye kujua kuwa udongo una sumu kisha akanyamaza, amefanya khiyana.

Adabu za pahala pa watu

Swahaba walipokatazwa kukaa njiani walisema hawana budi, hapo ndipo wanapokutana na kuzungumza. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakuwalazimisha warudi majumbani. Aliwaambia basi waipe njia haki yake, na haki hiyo ni kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Imo katika Al-Bukhaariy na Muslim.

Tunaambiwa na baadhi ya ndugu zetu kuwa bustani ni mahali pa maasi, bora zisiwepo. Hatukubaliani nao. Watu watakaa tu, na wasipokuwa na bustani watakaa barazani kwa watu, vichochoroni, au baina ya malori. Mwalimu wetu ametufundisha kuyatengeneza makao yale kwa adabu. Taa za kutosha, walinzi, vyoo vya wanawake mbali na vya wanaume, pahala pa kutawadha na kuswali, sehemu tulivu za familia, na saa ya kufunga inayojulikana: hayo huondosha mengi tunayoyalalamikia. Yaliyobaki ni malezi, na malezi huanza nyumbani kwetu. Anayeacha mfuko wa taka Forodhani hakulelewa na Manispaa.

Tunashauri nini

Kwa ndugu zetu wa Tunduma na Songwe: ulizeni mapema. Mikutano ya mitaa ipo, madiwani wapo, na ramani za mipango miji ni mambo ya umma. Ulizeni ni maeneo gani yametengwa kuwa ya wazi, na yaandikwe kwa hati. Panapokusudiwa bustani juu ya ardhi iliyotumika, dai la kwanza liwe kupimwa udongo na maji. Taasisi za Serikali za usimamizi wa mazingira zipo kwa kazi hiyo, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo. Majibu yabandikwe pahala watu wanasoma.

Kwa wafanyabiashara wetu walioneemeka huko: 'Uthmaan (Radhiya Allaahu 'anhu) alikinunua kisima cha Ruumah akakifanya waqf, kila mtu akachota. Kipande cha ardhi safi, kisima na miti ya kivuli ni sadaka inayoendelea. Na tumefundishwa kuwa hapandi Muislamu mti akala kwao mtu, ndege au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Jirani asiyekuwa Muislamu naye akae kivulini hapo. Huo ni ulinganio usiohitaji kipaza sauti.

Kwa wa visiwani: tuyatazame mashimo yetu. Uchimbaji wa mchanga wa kujengea umeacha mashimo Unguja, na kila mvua kubwa ikija yanajaa maji. Mji nao unapanuka, karakana na maghala yanahama. Tusingoje hadi mtoto azame au ukuta usimame ndipo tuulize ardhi ilikuwa ya nani. Tuulize yajazwe nini, kwani shimo likijazwa taka kisha likafunikwa udongo na kupandwa majani, hilo ni kaburi la taka, bado halijawa bustani.

Kwa viongozi wa pande zote mbili za Muungano: ardhi ya umma ni amana. Mtaulizwa mliipokea vipi na mliiacha vipi, siku ambayo hakuna hati miliki itakayosaidia.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani zetu na kila sumu, ionekanayo na isiyoonekana, Awape wenye mamlaka khofu Yake katika mali za watu, na Atujaalie tuwe wenye kuitengeneza ardhi baada ya kuharibiwa. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.